TB si ya ukoo, hata kipimo kikiitwa cha jeni

"Daktari, kwetu TB iko kwenye damu. Bibi aliugua, baba akaugua, sasa zamu yangu." Kauli hii naisikia mno kliniki hapa Bagamoyo, na habari za kutabiri TB kwa jeni za damu zimeipa nguvu mpya. Mtu akisikia jeni, anaelewa urithi.

Sivyo kabisa! Vipimo hivi havitafuti jeni mbovu ya ukoo. Vinasoma RNA kwenye damu, yaani nakala za jeni zinazotumika, zinazoonyesha jeni zipi ziko kazini wakati huo na zipi zimetulia. Watafiti huwaambukiza TB tumbili aina ya makaki, wakiwatoa damu kabla na baada. Urithi wa mnyama haujabadilika, lakini ndani ya wiki chache jeni zinazoitikia interferoni, protini ambazo mwili hutoa kuamsha kinga, hupanda, hasa kwa wale ambao mapafu yao yanashambuliwa zaidi. Ingekuwa urithi, damu ya kwanza na ya pili zingetoa jibu moja. Kwa binadamu, alama hizo hushuka tena dawa zikishafanya kazi.

Basi bibi, baba na wewe mliunganishwa na hewa ya chumba kimoja. Fungua madirisha. Mbu wakikusumbua, weka wavu, lakini hewa ipite. Na wote mnaolala pamoja waje kuchunguzwa, watoto wa chini ya miaka 5 mbele, wapewe dawa za kinga. Kila mgonjwa namwambia hivi, na bado wengi huja peke yao.

Wengine huchanganya utafiti huu na panya buku wa Morogoro. Wale hunusa makohozi, ni kazi nyingine.

Tena wapo wanaosema panya wa maabara hawatufundishi kitu. Wa nasaba moja, wanaofanana jeni, ni kweli, hawaugui kama sisi. Ndiyo maana hutumiwa panya wa nasaba mchanganyiko, na mwaka 2020 zilitangazwa jeni zinazoitikia TB kwa kufanana kwa panya, makaki na binadamu.

"Nipime damu tu, makohozi ya nini?" Hapana. Virusi vya mafua navyo huamsha jeni hizohizo za interferoni. Kipimo cha jeni 16 kilichotangazwa mwaka 2016 kutoka Afrika Kusini kiliwanasa takriban asilimia 66 ya waliougua ndani ya miezi 12, wengine kikawakosa. Ukikohoa wiki mbili, leta makohozi ya asubuhi yaliyotoka kifuani, si mate.