Bia nyeusi si lazima iwe kali

Ukiingia kwenye kiwanda kidogo cha bia, watakuwekea ubao wenye glasi nne au tano za kuonja, kuanzia ya manjano hadi nyeusi tii. Wengi huiogopa ile ya mwisho, wakiamini ndiyo itakayowalaza.

Weusi huo unatokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua. Huchanganywa kidogo tu, mara nyingi sehemu moja katika kumi ya nafaka yote, na inatosha kuligeuza pipa zima rangi. Ulevi una chanzo kingine: sukari iliyomo kwenye kimea, ambayo hamira huila na kutoa pombe. Sukari nyingi, pombe nyingi, rangi iwe iwayo.

Guinness ya pipa inayonyweka Dublin ina pombe asilimia 4.2, sawasawa na Tusker. Duvel ya Ubelgiji, ya manjano kama jua la asubuhi, ina 8.5. Kilichotukoroga huku kwetu ni kwamba Guinness ya chupa tuliyoizoea Kenya ni aina nyingine, ya asilimia 6.5, basi lawama zikaangukia rangi.

Na ile imani kwamba bia nyeusi huongeza damu? Painti moja ya Guinness, yaani zaidi kidogo ya nusu lita, haina hata miligramu 1 ya madini ya chuma. Mchicha na maini vinaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, tena kwa bei nafuu.

Kwenye ubao wa kuonjea, soma asilimia kwanza. Nyeusi ionje kwa ladha yake ya kahawa.