Ufuasi wa dawa za presha: maana yake, na mambo ya kujua kuhusu kila kidonge

Ufuasi wa dawa ni kadiri mgonjwa anavyotumia dawa zake kulingana na mpango aliokubaliana na mhudumu wa afya: dawa ile ile, kipimo kile kile, wakati ule ule, kwa muda wote uliopangwa. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza dhana hii katika ripoti yake ya mwaka 2003 lilihesabu pia chakula na mwenendo wa maisha, na likatilia mkazo hayo makubaliano. Ripoti hiyo ilisema kwamba hata katika nchi tajiri, wastani wa ufuasi kwa magonjwa ya muda mrefu ni karibu asilimia 50. Kwa hiyo mgonjwa wa Likoni au Changamwe, hapa Mombasa, anayeruka dawa si mkaidi. Ana tatizo linalojulikana duniani kote, na sababu zake zinaweza kutafutwa moja moja.

Mtu aliyetoka kliniki na mfuko wa vidonge asivyovijua majina, asijue kila kimoja kinafanya kazi gani wala atavitumia hadi lini, hajakubaliana na mpango wowote. Ndiyo maana ujuzi wa dawa na ufuasi huzungumzwa pamoja. Hata hivyo si kitu kimoja. Yupo anayezijua dawa zake zote na hamezi kwa kuwa pesa zimekwisha, na yupo anayemeza kila siku bila kukosa, kumbe anameza dawa moja mara mbili kwa majina mawili.

Ufuasi huvunjika mahali patatu. Kuna asiyeanza kabisa: kaandikiwa dawa, karudi nyumbani, hakununua. Kuna anayeruka: leo kameza, kesho kasahau, keshokutwa yuko safarini. Na kuna aliyeacha, mara nyingi baada ya kupimwa na kuambiwa presha imeshuka. Ukimkuta mtu presha yake haitulii, swali la kwanza ni yuko wapi kati ya hapo, maana mbinu ya kukumbuka haimsaidii aliyeacha kwa sababu dawa inamletea kikohozi.

Presha ina ugumu wake wa pekee: haiumi. Mtu mwenye presha ya 160/100, iliyo juu, anabeba mizigo sokoni Kongowea, anapanda ngazi, analala vizuri. Dawa ndiyo anayoihisi, kwa kukojoa mara kwa mara au miguu kuvimba. Hapo ndipo inapoanza tabia ya kumeza kidonge kichwa kikiuma na kukirudisha kabatini kikitulia. Kwa amlodipini, ambayo ni miongoni mwa dawa zinazotolewa sana, tabia hiyo haina faida, kwani dawa hii hujengeka polepole mwilini na huchukua takriban wiki moja ya kumeza kila siku kabla ya kufikia kiwango chake kamili. Kidonge kimoja cha Jumatatu hakitatuliza kichwa cha Jumatatu. Na wakati huo presha inaendelea kukaza mishipa ya ubongo, moyo na figo, hadi siku ya kiharusi.

Sasa, kuijua dawa ni kujua nini hasa? Jina lake halisi, uzito wake kwa miligramu, inamezwa mara ngapi na saa ngapi, inafanya nini, inaweza kuleta shida gani, na ufanyeje ukiikosa. Jina halisi ni lile linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Majina ya biashara hubadilika kila ukibadilisha duka la dawa. Jina halisi halibadiliki. Norvasc ni amlodipini. Ukipewa Norvasc hospitali ya binafsi, kisha ukapewa amlodipini kwenye kituo cha serikali, una dawa moja, si mbili. Mtego mwingine ni vidonge mchanganyiko. Losartani, dawa nyingine ya presha, ikiwa na herufi H mwishoni ina HCTZ (haidroklorothiazidi) ndani yake, ile dawa ya kukojoza. Ukimeza na HCTZ ya peke yake juu yake, umeongeza kipimo bila kujua, na madini ya potasiamu yanaweza kushuka hadi misuli ikalegea na moyo ukapiga ovyo.

Kuna jambo la madukani linalofaa kusemwa wazi. Anayenunua vidonge 10 kwa sababu ya pesa hukatiwa kipande kwa mkasi, na mara nyingi kipande chake hakina jina, miligramu wala tarehe ya kuisha. Baada ya siku tatu hakuna anayejua kile kidonge cheupe ni cha presha au cha kitu kingine, wala kama ni cha miligramu 5 au 10. Omba kipande chenye maandishi, au mwambie muuzaji aandike jina, uzito na tarehe kwenye bahasha mbele yako. Simu inasaidia pia: piga picha pakiti nzima kabla haijakatwa.

Kupima ufuasi wako mwenyewe ni hesabu ya darasani. Umepewa vidonge 30 vya siku 30, na siku ya 30 vimebaki 9. Umemeza 21, gawanya kwa 30, zidisha kwa 100, unapata asilimia 70. Watafiti wengi huhesabu asilimia 80 na kuendelea kuwa ufuasi mzuri, ingawa huo ni mpaka waliouweka wao ili wapate pa kukatia, si mahali mwili unapogeuka. Kila dawa ihesabiwe peke yake, kwa kuwa wengi humeza ile isiyowasumbua na kuiruka ile ya kukojoza. Njia nyingine ni tarehe. Dawa ya siku 30 iliyorudiwa siku ya 40 ina pengo la siku 10, hata kama nyumbani hakuna kidonge kilichobaki.

Siku ya kliniki yenyewe huharibu hesabu kwa namna mbili. Wapo wanaokwenda bila kumeza dawa ya asubuhi, kwa kudhani presha ipimwe dawa ikiwa haimo mwilini au kwa kuchanganya na masharti ya kipimo cha sukari. Presha hupimwa ukiwa umemeza dawa kama kawaida, maana kinachotafutwa ni kama dawa inafanya kazi. Hata ukiambiwa uje bila kula kwa ajili ya sukari, uliza kuhusu dawa ya presha; kwa kawaida humezwa kwa maji. Wengine hufanya kinyume: wiki tatu hawamezi, kisha siku chache kabla ya kliniki wanameza kwa bidii. Kipimo kinatoka kizuri, na mhudumu anaandika aendelee vile vile.

Lililo baya zaidi ni kunyamaza. Mgonjwa ana 170/100, anaulizwa kama anameza dawa, anajibu ndiyo kwa kuogopa kugombezwa. Mhudumu, akiamini dawa imeshindwa, anaongeza kipimo au dawa ya pili na ya tatu. Siku mgonjwa huyo akilazwa, au binti yake akija kumsimamia, anameza zote kwa mara ya kwanza, presha inashuka ghafla, anasimama usiku kwenda msalani na kuanguka. Jibu linalomsaidia ni la namna hii: "Dakta, wiki hii nimekosa siku tatu, ile ya kukojoza siinywi nikiwa na safari." Na mhudumu naye aulize kwa namna isiyomtia mtu aibu, kwa mfano, "Wiki iliyopita zilikupita siku ngapi?" Hilo ni swali bora kuliko "Unameza dawa?"

Hiyo dawa ya kukojoza, kwa anayevuka feri au anayepanda matatu kutoka Mtwapa asubuhi, ni kero ya kweli. Mkojo huanza ndani ya saa mbili hivi na huwa mwingi kwa saa chache za mwanzo. Suluhisho ni kusogeza saa. Ukiimeza baada ya kuswali alfajiri, au ukifika kazini, au siku ya safari ukaimeza ukisharudi alasiri, dawa haikuachwa. Usiku haifai kwa kuwa itakuamsha.

Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, zaidi kwa kipimo cha miligramu 10. Wengi hudhani figo zimekufa na kuacha dawa, au hununua dawa nyingine ya kukojoza kuondoa uvimbe, nayo haisaidii sana kwa sababu maji hayajazidi mwilini. Ni mishipa midogo iliyopanuka. Kupunguza hadi miligramu 5 na kuongeza dawa ya kundi jingine mara nyingi hutosha, ila uvimbe wowote mpya uonyeshwe kliniki. Enalaprili, nayo ya presha, huweza kuleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo, kisichosikia dawa ya kifua, ambacho huondoka wiki chache baada ya kubadilishiwa, mara nyingi kwa losartani. Midomo, ulimi au uso ukivimba baada ya enalaprili, usimeze tena, nenda hospitali wakati huo huo. Enalaprili na losartani zote mbili humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anayepanga kuzaa aseme mapema abadilishiwe. Atenololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo, haiachwi kwa siku moja, kwani moyo unaweza kurudi kwa kasi ya hatari; nayo inaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Nifedipini, ya presha pia, ile inayotoka polepole mwilini, haisagwi wala haitafunwi.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha na kudhoofisha dawa zake, na zikichanganywa na losartani na HCTZ huweza kuumiza figo. Mwenye magoti mabovu anayezinunua kila wiki ataonekana mtovu wa ufuasi ilhali anameza dawa zake sawasawa. Miraa na muguka pia hupandisha presha. Habasoda na thomu visichukue nafasi ya kidonge, na vitajwe kliniki. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na ng'onda, papa mkavu na achari huimaliza haraka.

Ukisahau dawa ya mara moja kwa siku, imeze ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, acha iliyopita na uendelee. Usimeze mbili kufidia. Kwa kukumbuka, funga dawa na jambo ambalo halikosi, kama chai ya asubuhi au swala. Weka vidonge chumbani mahali pakavu, mbali na jiko, dirisha na gari, kwani joto na unyevu wa pwani huviharibu. Nenda kuongeza dawa zikibaki za siku saba, ili kituo kikikosa uwe na muda wa kutafuta kwingine.

Ramadhani ipangwe wiki kadhaa kabla. Dawa za mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku. Ya kukojoza isimezwe daku, maana utakausha maji mchana kutwa kwenye jua la Mombasa. Za mara mbili huhitaji kliniki itafute za mara moja.

Swali linalobaki kwa wengi ni hili: presha imekuwa 124/78 kwa miezi, niache? Kipimo hicho ni kazi ya dawa, na kwa dawa nyingi ukiacha haipandi kesho yake. Hupanda taratibu kwa wiki au miezi, ndiyo maana anayeacha hudhani amepona. Kupunguza kunawezekana kwa baadhi ya watu, hasa waliopunguza uzito na chumvi, lakini hufanywa na kliniki, dawa moja kwa wakati mmoja. Presha hupimwa baada ya kukaa dakika tano, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo, na kipimo kinarudiwa kila baada ya wiki chache, kisha kila miezi michache. Ikirudi 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, dawa inarudishwa.