Sauti ya Kiswahili Katika Kompyuta ya Asiyeona

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na wazazi na walimu hapa Tanga ni hili: mtoto asiyeona atatumiaje kompyuta? Jibu fupi: kwa masikio na kibodi. Ipo programu iitwayo kisoma skrini, ambayo humtamkia mtumiaji kila anachokifikia, awe anaandika barua, anafungua faili au anasoma habari mtandaoni. Kipanya hakihitaji, na hata kioo kikizimwa kazi inaendelea. Jibu refu ni kwamba programu hiyo ina sauti, sauti ina lugha, na sauti ya Kiswahili bado ina kasoro ambazo zinatusubiri sisi wenye lugha. Kasoro hizo, na namna ya kuziondoa, ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hudhani kisoma skrini huipiga picha skrini kisha husoma kilichomo. Sivyo kinavyofanya kazi. Kila programu iliyoundwa vizuri huueleza mfumo unaoendesha kompyuta, yaani Windows au Linux, bila mtumiaji kuona, vitu vilivyomo katika dirisha lake: hiki ni kitufe, jina lake "Tuma", hiki ni kisanduku cha kuweka tiki, hakijawekwa tiki, hapa ni mahali pa kuandika nenosiri. Jina, aina na hali. Kisoma skrini huchukua maelezo hayo na kuyatamka. Kwenye Linux taarifa hupita katika mfumo wa AT-SPI. Kwenye Windows kuna UI Automation na IAccessible2. Sasa aliyeunda programu akiweka picha ya bahasha kwenye kitufe bila kukipa jina, anayeona atajua ni cha kutuma ujumbe, na asiyeona atasikia "kitufe" basi. Zipo fomu za mtandaoni ambazo ukizipitia kwa kibodi unasikia "kitufe, kitufe, kitufe" kutoka juu hadi chini, na mtu mzima mwenye shahada yake analazimika kumwita mtoto wa jirani amwelekeze. Inauma, kwa sababu kukipa kitufe jina ni kazi ya dakika moja.

Kwa miaka mingi kikwazo cha kwanza kilikuwa bei. JAWS, programu iliyoanzishwa na Mmarekani Ted Henter mwaka 1989, enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ni nzuri na ina wapenzi wake hadi leo, lakini leseni yake ya kudumu ni ghali mno. Ni shule gani ya msingi itakayonunua leseni kumi? Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia alianza kuandika kisoma skrini cha Windows kisicholipiwa, akaungana na mwenzake James Teh. Wote wawili hawaoni. Programu yao, NVDA, imeandikwa kwa Python na C++, lugha za kuandikia programu, na leseni yake ya GPL inamruhusu yeyote kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Katika utafiti wa WebAIM, shirika la Marekani linaloshughulikia tovuti zinazofikika kwa wenye ulemavu, uliofungwa Januari 2024, asilimia 65.6 ya watumiaji walioulizwa walisema huitumia. Kwa wanaotumia Linux ipo Orca, iliyoanzia katika kampuni ya Sun Microsystems, nayo ni huria vilevile, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha.

Jambo moja wengi hawalijui: NVDA huwekwa kwenye fleshi na kufanya kazi bila kusakinishwa. Mwanafunzi anayetegemea kompyuta ya kuazima, iwe stationery ya Ngamiani au ofisini kwa mjomba, huchomeka fleshi yake, akafungua programu na kuendelea na mipangilio yake ileile. Na mafundi wanaosimamia vyumba vya kompyuta vyenye mashine za zamani wajue kwamba toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 2023.3.4. Msiwaambie walimu kwamba mashine hizo hazifai. Zinafaa, mradi mchukue toleo hilo.

Tuje kwenye sauti. Kisoma skrini hupanga kitakachosemwa na lini kisemwe. Kukitamka ni kazi ya injini ya sauti. NVDA huja na injini iitwayo eSpeak NG. Mwanzilishi wake, Mwingereza Jonathan Duddington, aliianza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Acorn, na mwishoni mwa 2015 kazi ikaendelezwa na wengine kwa jina hilo jipya. Haiungi maneno kutoka kwenye sauti ya mtu iliyorekodiwa, ila baadhi ya konsonanti hutumia vipande vifupi vilivyorekodiwa. Sehemu kubwa ya mawimbi ya sauti hutengenezwa kwa hesabu, ndiyo maana programu nzima ni ndogo mno ingawa inazungumza lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo.

Hesabu hizo pia ndizo zinazoifanya isikike kavu. Mzazi akiisikia mara ya kwanza hukunja uso, akaomba mwanawe awekewe "sauti nzuri". Hapa nawaomba wazazi wawe na subira. Aliyezoea eSpeak huisikiliza kwa maneno 300 kwa dakika na zaidi, na bado kila konsonanti inasikika. Tena hujibu papo hapo: unabonyeza herufi, inatamkwa, unabonyeza nyingine. Mwanafunzi anayeandika insha anahitaji wepesi huo kuliko anavyohitaji utamu wa sauti.

Namna eSpeak NG inavyokijua Kiswahili haina siri. Kuna faili mbili za maandishi ya kawaida, sw_rules na sw_list, ambazo unaweza kuzifungua hata kwa Notepad. Ya kwanza ina kanuni: herufi upande mmoja, sauti yake upande wa pili. Ya pili ina yale yasiyofuata kanuni, pamoja na majina ya tarakimu na alama. Kiswahili kina bahati katika hili, maana tahajia yetu inafuata matamshi na mkazo karibu wote huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mistari michache ya kanuni inakufikisha mbali.

Kisha unakutana na m. Katika "mbuzi" m imeungana na b, na neno lina silabi mbili. Katika "mbwa" m inajitegemea na inabeba mkazo. Mashine inaona herufi zinazofanana. Unakutana na "lakini", ambalo wengi wetu tunalikazia mwanzo, wakati kanuni inataka kulikazia katikati; neno kama hilo mahali pake ni sw_list. Unakutana na ng' ya ng'ombe, ambayo programu za kuandikia hupenda kuigeuza alama yake ya juu ikapinda, ikawa herufi nyingine kabisa kwa kompyuta ingawa kwa jicho ni ileile. Kanuni inayojua alama moja tu itatamka "ngombe". Halafu kuna dh, th, gh na kh. Sikio la pwani halikubali "dhahabu" itamkwe kama ina z, na "thelathini" yenye s mbili itamfanya mzee yeyote wa Chumbageni asimamishe mazungumzo. Hapo ndipo watu wa Tanga tunapoweza kuisaidia lugha yote.

Tarakimu ndizo zinazonisumbua zaidi. Mwalimu anaandika katika jaribio la hisabati, "Juma ana vitabu 2 na watoto 3 wanavitaka." Anayeona husoma "vitabu viwili", "watoto watatu", bila kufikiri. Injini inajua kwamba 2 ni "mbili" na 3 ni "tatu", basi inasoma "vitabu mbili na watoto tatu". Kwa mtu mzima ni kero ndogo. Kwa mtoto wa darasa la tatu, ambaye sarufi ya maandishi anaipata kwa sikio, ni mwalimu mbaya anayezungumza naye kutwa nzima. Dawa ya kudumu si rahisi, kwa kuwa programu inabidi itazame neno lililotangulia, ijue ngeli yake, kisha ichague upatanisho. Dawa ya leo ipo, tena mbili. Walimu waandike namba ndogo kwa maneno wanapoandaa kazi za wanafunzi wasioona. Na mtumiaji wa NVDA afungue kamusi za matamshi zilizomo katika menyu ya programu, aandike "vitabu 2" upande wa kilichoandikwa na "vitabu viwili" upande wa kitakachosomwa. Kamusi hizo hukubali ruwaza pia, yaani kielelezo kimoja kinachowakilisha maandishi mengi, kwa hiyo kijana anayejua programu anaweza kuandika mstari mmoja unaoshughulikia maneno mengi ya ngeli moja.

Ziko na kasoro nyingine za hapa kwetu: bei iliyoandikwa "15,000/=" ambayo injini lazima ifundishwe kuinyamazia ile alama ya mwisho, na mpangilio wetu wa kutanguliza "elfu" kabla ya idadi. Kuhusu saa nina msimamo tofauti na baadhi ya wenzangu. Ukibonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na F12 husomewa saa ya kompyuta, tuseme 14:00, na wapo wanaotaka isomwe "saa nane mchana". Mimi nasema tuiache. Anayeona anasoma 14:00 na kujigeuzia mwenyewe. Kisoma skrini kikianza kubadilisha kilichoandikwa bila mtumiaji kujua, siku moja atakosa basi la Dar.

Tatizo la lugha mbili ni pana kuliko yote. Menyu za programu nyingi ni za Kiingereza, maandishi ya mtumiaji ni ya Kiswahili. Ukichagua sauti ya Kiingereza, "jina" linakuwa "jaina" na aya nzima haieleweki. Ukichagua ya Kiswahili, "Home" inasomwa "ho-me" na "File" inasomwa kama neno la Kiswahili, "fi-le". Wanafunzi wengi huzoea "fi-le" haraka, nami nawashauri waanze na sauti ya Kiswahili. Wanaotengeneza tovuti wana wajibu wao hapa: ukurasa ukitangaza ndani ya msimbo wake kwamba lugha yake ni "sw", NVDA inaweza kubadilisha sauti yenyewe. Tovuti nyingi za Kiswahili zinatangaza "en", kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo na hakuna aliyekigusa.

Sauti laini zilizofunzwa kwa akili mnemba nazo zimefika. Microsoft ina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, zinazopendeza kweli, ila hutolewa kupitia intaneti. Upande wa programu huria ipo Piper, inayotamka bila intaneti kwenye kompyuta ya kawaida. Kusikiliza kitabu kirefu ndipo mahali pa sauti za aina hii. Lakini hujifunza kutokana na rekodi za watu, na ubora wake ni ubora wa rekodi hizo. Mradi wa Mozilla Common Voice hukusanya rekodi za Kiswahili kutoka kwa mtu yeyote mwenye kipaza sauti na dakika chache, na lengo lake hasa ni kuifundisha kompyuta kuelewa usemi. Ili kupata sauti ya kutamka inahitajika kazi nyingine: mtu mmoja, chumba kimya, sentensi nyingi zilizosomwa kwa utulivu. Vyuo vyetu vinaweza kulifanya hilo.

Kazi ya kurekebisha eSpeak yenyewe inataka watu watatu kwenye meza moja: asiyeona anayeitumia kila siku, mwalimu wa Kiswahili, na kijana anayejua kompyuta. Kijana anaandika amri espeak-ng -v sw -X, kisha neno linalosumbua katika alama za nukuu. Kwenye skrini yake inatokea orodha ya kanuni zilizotumika, mstari kwa mstari, na ile iliyoshinda. Mwalimu anasema kanuni sahihi ni ipi. Kijana anabadilisha mstari, anaandika espeak-ng --compile=sw, neno linatamkwa upya. Msikilizaji ndiye hakimu, naye aisikilize kwa kasi yake ya kawaida, kwani marekebisho yanayosikika vizuri polepole huweza kuharibika kwa kasi. Yakikubalika hutumwa kwa wasimamizi wa mradi, na toleo linalofuata huyapeleka kwa kila anayetumia Kiswahili, wa Tanga na wa Mombasa.

Na huyo kijana wa kompyuta anaweza kuwa asiyeona mwenyewe. Pongwe hapa jijini na Irente kule Lushoto, watoto wasioona wamekuwa wakifundishwa nukta nundu (Braille), na mtoto aliyezoea kushika mpangilio wa mistari kwa vidole na kumbukumbu hana sababu ya kuogopa Python. Lugha hiyo hutegemea nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari, jambo ambalo watu hudhani litamshinda. NVDA ina mpangilio wa kutaja nafasi hizo kwa maneno au kwa mlio unaobadilika kadiri mstari unavyoingia ndani. Curran na Teh waliandika NVDA wakiwa wanaisikiliza.

Ofisi nazo zina sehemu yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umeitaja TEHAMA katika kifungu cha 9. Tangazo la kazi likichapishwa, likagongwa mhuri, likaskaniwa na kutumwa kama picha, kisoma skrini hakina cha kusoma. Tumeni na faili la maandishi pamoja na lile lenye mhuri.

Ukikutana na neno linalotamkwa vibaya, andika mambo manne kabla hujasahau: sentensi nzima kama ilivyo, ulichosikia, ulichotarajia kusikia, na toleo la programu, ambalo kwenye NVDA liko chini ya menyu ya msaada. Usitume neno peke yake, kwa sababu "2" ikiwa peke yake ni "mbili" na haina kosa.