Kutovumilia kutojua: kinachowatesa watu wenye usonji siasa zikichemka

Kuna kitu wataalamu wa saikolojia wanakiita kutovumilia kutojua, na ukikielewa hicho kimoja tu utaelewa mbona ndugu yako mwenye usonji (kwa Kiingereza autism, wengi huku Kenya tunasema pia tawahudi) anakosa usingizi wiki nzima ya uchaguzi hata kama mtaani kwenu hakujarushwa jiwe. Maana yake ni hivi, ubongo unalichukulia jambo lisilojulikana mwisho wake kama hatari ambayo tayari imeshafika. Kule kutojua kwenyewe kunauma. Ndio maana wakati mwingine habari mbaya iliyothibitishwa inamtuliza kuliko ile ya "tungoje tuone", na watu wa nyumbani wanabaki kushangaa, huyu vipi, ameambiwa mambo yameharibika ndipo anakula.

Dhana yenyewe haikuanzia kwenye usonji. Ilianza Canada miaka ya 1990, watafiti wa Quebec walikuwa wanachunguza watu wenye wasiwasi usioisha, na mmoja wao, Mark Freeston, baadaye akaenda kufundisha Newcastle, Uingereza. Huko yeye na Jacqui Rodgers na wenzao wakatoa utafiti mwaka 2014 kuhusu watoto na vijana wenye usonji. Kwamba watoto hawa wana wasiwasi mwingi kuliko wenzao ilishajulikana zamani, lakini walipopima vile kila mtoto anavumilia kutojua, ile tofauti ya wasiwasi ikaelezeka kwa sehemu kubwa hapo. Kwangu mimi hiyo ilibadilisha mengi, kwa sababu kama tatizo ni kutojua basi kuna kitu cha kufanya, na kitu chenyewe hakitaki pesa.

Sasa chukua hiyo uiweke kwenye uchaguzi wetu wa 2022. Tulipiga kura Jumanne 9 Agosti, rais mteule akatangazwa Jumatatu 15 Agosti, na zile siku za katikati ndizo nataka tuziangalie. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifungua tovuti yenye fomu 34A (zile karatasi za matokeo ya kila kituo) za vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote angeweza kufungua na kujumlisha, stesheni za TV kila moja ikaanza hesabu yake, ukiweka hii huyu anaongoza, ukihamia ile yule anaongoza, halafu hesabu zikapoa zikasimama kabisa bila maelezo ya kueleweka. Kwa wengi wetu hiyo ilikuwa stori ya kwa kinyozi. Kwa mdogo wangu, ambaye ana usonji, ilikuwa ni mateso, maana yeye anataka namba moja na hapo kuna nne zote zinajiita za kweli. Akachukua daftari akaanza kufungua fomu za kaunti yetu moja baada ya nyingine, anaandika jina la kituo, namba, namba, jumla, mstari. Mama akaona siasa zimemwingia kichwani akataka kuificha simu. Nikamwomba, Mama muache, hapo ndipo anapumua, kila fomu ina muhuri na sahihi na haibadiliki hata ukiifungua mara kumi.

Halafu ikafika tarehe 15. Makamishna wanne kati ya saba wa IEBC wakatoka wakasema hawayatambui matokeo, kule Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kutangazia matokeo, jukwaani watu wakasukumana, na bado mwenyekiti akatangaza. Daftari likafungwa. Mdogo wangu akaingia chumbani akajifunika blanketi, ukimsemesha hajibu, chakula hagusi, hadi kesho yake mchana. Hiyo watu wenye usonji wenyewe wanaiita kuzima, na ina pacha wake anaitwa kulipuka, yaani kupiga kelele, kulia, kujigonga kichwa, kukimbia. Vyote viwili vinatoka mahali pamoja, ubongo umebeba zaidi ya uwezo wake na hauwezi tena kuchagua la kufanya. Naomba hili lishike jamani, mtoto anayelipuka wakati wa taarifa ya habari hajakosa adabu, na mtu mzima aliyezima hajanuna. Kumchapa ama kumfokea wakati huo ni kuongeza mzigo. Unapunguza taa, unazima TV, maneno machache, unakaa karibu kama anataka, unatoka kama hataki, basi.

Kuna mambo mengine yanayoongezea kutojua makali yake. La kwanza ni umakini. Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Wenn Lawson na Mike Lesser waliandika kwamba umakini wa mtu mwenye usonji huelekea kujaa kwenye jambo moja kwa nguvu zote, sisi wengine unatawanyika tawanyika, unasikia habari ya maandamano huku unageuza chapati na unafikiria kodi ya nyumba. Yeye habari ikimkamata inamkamata yote. Ndiyo unakuta ameskroli tangu saa mbili usiku hadi alfajiri, macho mekundu, na ukimwambia "achana nayo" ni kama hujasema kitu maana hana pa kuuachia, mpaka apatiwe pengine pa kuuweka huo umakini. La pili ni masikio na pua na ngozi, helikopta ikizunguka, vuvuzela, spika za kampeni juu ya pikapu kuanzia asubuhi, moshi wa tairi, gesi ya kutoa machozi inayoingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa kambani. Hayo yanamuumiza mwilini hata kabla ya kujua kisa ni nini.

La tatu linasahaulika sana. Lugha ya siasa zetu imejaa vitisho ambavyo sisi tumezoea kuvipunguza uzito kichwani. Mtu anasimama kwenye lori anasema "tutawazika hawa kwenye debe", "nchi itawaka", "hatulali mpaka kieleweke", na sisi tunajua ni kampeni. Watu wengi wenye usonji wanayachukua maneno vile yalivyosemwa. Mdogo wangu alishawahi kuuliza saa ngapi nchi itaanza kuwaka, na alikuwa anataka saa kweli, ili ajue kama atafika kazini. Usicheke. Mjibu: yule bwana alimaanisha watashinda kwa kura nyingi, hakuna moto uliopangwa, na kwa leo barabara ya kazini iko wazi.

Halafu ile dhana potofu kwamba watu wenye usonji hawana huruma iondoke vichwani. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walipoingia Bunge kuupinga Mswada wa Fedha na watu wakapigwa risasi, picha zikawa zinapita laivu kwenye simu kama mvua. Wapo wenye usonji ambao walizibeba zile sura kwa miezi, wengine hawakuweza kueleza wanachohisi, wanasema tu tumbo linauma ama mikono imekufa ganzi. Karibu nusu ya watu wenye usonji wana ugumu huo wa kuzitambua hisia zao na kuzipa jina, kwa hiyo ukimuuliza "unajisikiaje" akikuambia "sijui" anakuambia ukweli. Muulize kuhusu mwili. Umelala saa ngapi, umekula nini, kifua kinabana ama hakibani.

Na hisia ya haki kwa wengi wao ni kali mno, uongo wa wazi kwenye TV unaweza kuwachoma kama msumari. Greta Thunberg, yule mwanaharakati wa mazingira wa Sweden ambaye hafichi kwamba ana usonji, alianza kukaa peke yake nje ya Bunge la Sweden Agosti 2018 kwa sababu watu wazima walikuwa wanasema tabianchi ni dharura na hawafanyi kitu. Kwa hiyo kumfungia mtu mzima mwenye usonji habari zote "kwa faida yake" ni kumdharau. Ana kura kama wewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na kituo cha kura Kenya mwaka 2022 hakikutakiwa kuzidi wapiga kura 700, piga hesabu mwenyewe, wangegawanyika sawa ni kama watu watano kwenye foleni yako.

Sasa nini kinasaidia. Kikubwa kabisa ni kukivunja kile kisichojulikana kiwe vipande vyenye tarehe. Katiba yetu, watu wengi hawajui, ni rafiki mkubwa wa mtu mwenye usonji kwenye hili. Matokeo ya urais lazima yatangazwe ndani ya siku 7 baada ya kura. Anayepinga ana siku 7 kufungua kesi. Mahakama ya Juu ina siku 14 tangu kesi ifunguliwe kutoa uamuzi. Ikifuta uchaguzi, unarudiwa ndani ya siku 60. Chukua kalenda ya ukutani, ziandike, chora mishale. Mwaka 2022 kesi ilifunguliwa 22 Agosti na uamuzi ukatoka 5 Septemba, siku ya mwisho kabisa, na rais akaapishwa 13 Septemba. Baada ya ile siku ya blanketi tulikaa na mdogo wangu tukaandika hivyo, na kwenye mraba wa 5 Septemba akaweka maneno yake mwenyewe, "leo majaji wanasema ndiyo ama hapana". Hakujua watasema lipi, lakini alijua lini, na hiyo lini ilimrudishia usingizi wake.

Kalenda nayo inaweza kukusaliti, lazima niseme. Mwaka 2017 uchaguzi ulifutwa 1 Septemba, wa marudio ukapangwa 17 Oktoba, halafu ukasogezwa hadi 26 Oktoba, na mtu aliyeshikilia ile 17 moyoni anaanguka upya. Kwa hiyo andika kwa penseli, na pembeni weka "hii inaweza kusogezwa, ikisogezwa nitakuambia siku hiyo hiyo". Wale wa Newcastle wana hata programu ya wazazi wa watoto wenye usonji, na wanachofundisha si kumwondolea mtoto kila kisichojulikana, hiyo haiwezekani, ni kumzoesha kwa vitu vidogo vidogo, leo hatujui kama chakula cha jioni ni wali ama ugali, tunakaa na hilo kidogo, hakuna aliyekufa. Hiyo anza miaka kabla ya uchaguzi, usianze wiki ya kura.

Jambo ambalo ningewaomba wazazi na wake na waume waliache leo ni kusema "usijali, kila kitu kitakuwa sawa". Atakuuliza unajuaje, na hujui, na kikiharibika amekupoteza na wewe. Sema vitu vitatu: tunachojua, tusichojua, na lini tutajua. "Tunajua barabara ya mjini imefungwa. Hatujui itafunguliwa lini. Saa kumi na mbili tutaangalia tena." Kuna watu wazima niliowaambia hivi wakaona ni maneno makavu sana kumwambia mtu mwenye hofu, lakini mjaribu tu muone uso wake unavyolegea.

Habari zenyewe, afadhali za kusoma kuliko video, maandishi hayakupigii kelele na unaweza kuacha katikati. Chanzo kimoja ama viwili, saa zilizopangwa, mara mbili kwa siku inatosha, na kitu cha kufanya mara tu baada ya hapo ambacho anakipenda kweli, ramani za reli, kuku, mpira, kuandika programu za kompyuta, chochote. Toka kwenye yale magrupu ya familia ya WhatsApp yanayosambaza vois noti za "nimepata kutoka kwa mtu wa ndani", ama yazime kwa mwezi. Na uwe na mpango kama chanzo kikipotea, kwa sababu 25 Juni 2025 mamlaka ya mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano laivu na baadhi zikazimika katikati ya matangazo, mahakama ikasimamisha agizo baadaye siku hiyo hiyo, lakini fikiria kwa mtu anayeshikilia ratiba, kioo cheusi ghafla, anajaza mwenyewe kilichotokea na anajaza kibaya zaidi. Redio ya betri, na mtu mmoja wa kupigia simu ya kawaida, iandikwe kwenye karatasi.

Mwili pia. Hedfoni za kuzuia kelele ama hata pamba masikioni, blanketi zito, kutikisa mikono, kuzunguka, kurudia sentensi moja, hayo yote ni breki za mwili zinafanya kazi, usimzuie kisa wageni wanaangalia. Siku ya maandamano awe na kadi mfukoni yenye jina, namba ya nyumbani na sentensi moja kwamba ana usonji na huenda asijibu haraka, maana afisa anayepaza sauti "simama, mikono juu" na mtu akaganda ama akakimbia, hapo dakika moja ya kutoelewana ni hatari kubwa. Zoezeni hiyo sehemu nyumbani, kwa sauti ya kawaida kwanza.

Mwisho wa yote watu husahau kipindi cha baadaye. Rais ameapishwa, maduka yamefunguliwa, kila mtu amerudi kazini, na hapo ndipo wengi wenye usonji huanguka, usingizi mwingi, maneno yanapungua, vitu alivyokuwa anaviweza kama kuoga ama kupanda matatu vinamshinda kwa wiki kadhaa. Mpunguzie kazi wakati huo, usimpangie sherehe. Na akianza kujiumiza ama kusema hataki kuishi, usingoje ipite, mpeleke hospitali siku hiyo, na ingia naye ndani umsaidie kueleza. Uchaguzi ujao ni Jumanne 10 Agosti 2027, kwetu kalenda ya mwaka huo mdogo wangu ameshaichora, amefika hadi Oktoba, kwa penseli.