Miti ya asili Unguja na Pemba: tunayoambiana na ilivyo

"Mkarafuu ni mti wetu wa asili." Sio, hata kama Mpemba atakubishia mpaka jua lizame. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Dhoruba ya 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ndipo Pemba ikashika usukani wa zao hilo. Mwembe na mfenesi nao ni wageni, asili yao Asia.

"Unguja na Pemba hali ya hewa ni moja, basi na miti ni ile ile." Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwanza, Pemba inanyeshewa zaidi. Halafu kuna bahari yenyewe. Maji kati ya Unguja na Bara ni ya kina kidogo, na zama za barafu, bahari iliposhuka, mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba, yaani bahari kati ya Pemba na Bara, una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo Pemba ilijitenga zamani mno, na mimea yake ikashika njia yake.

Ushahidi ni mpapindi, mti wa jamii ya minazi. Nenda msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, utauona: shina jembamba lenye alama za pete, makuti juu, matunda mekundu. Duniani kote hauoti wenyewe ila Pemba. Jamaa zake usiwatafute Tanga wala Bagamoyo. Karibu wote wako Madagaska na Komoro. Na humo humo Ngezi, penye mchanga mweupe, kuna vichaka vya jamii ya erika, mimea ambayo wapanda Kilimanjaro huikuta mlimani juu. Ngezi iko karibu sawa na bahari!

"Maweni hakuoti kitu kwa sababu hakuna mvua." Mashariki ya Unguja mvua ni pungufu kidogo, kweli, lakini tatizo kubwa ni jiwe: maweni ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Maji yanapenya kwenye matundu na kupotea chini, udongo umejificha kwenye nyufa tu. Tembea msitu wa Jozani, Unguja, ujionee: penye maji karibu na uso wa ardhi kuna miti mirefu ya mitondoo, ukisogea kidogo kwenye maweni, msitu unageuka vichaka. Mvua ni ile ile.

Mbuyu nao husemwa ni mti wa nchi kavu. Upo Dodoma, penye mvua isiyofika milimita 700 kwa mwaka, na upo kusini mwa Unguja panaponyesha zaidi sana. Unastahimili ukame, hauudai.

Lililobaki ni kwa wanaopanda miti mahotelini: eti "cha asili hukubali popote Zanzibar." Mpapindi ukiupeleka kwenye maweni ya Paje, jitayarishe kubeba ndoo kila jioni. Pale panda mkwaju.