Je, wajua kwa nini watoto wa tembo wa Arusha walitungiwa wimbo wa bugi-wugi?

Wengi hudhani mtunzi wa muziki wa filamu hukaa na kinanda chake, akatunga wimbo mzuri, kisha ukabandikwa juu ya picha. Mara nyingi picha ndiyo inayompa mdundo, na mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka hapa hapa kwetu Arusha.

Filamu ya Hatari! ilitoka mwaka 1962. Mwongozaji wake, Howard Hawks, alikuja Tanganyika na kikosi chake, wakapiga picha Momella, karibu na Mlima Meru, na mitaani mjini Arusha. Humo mna mpigapicha wa kike anayelea watoto watatu wa tembo, hadi wenyeji wanampa jina la Mama Tembo. Kuna mahali anawapeleka kuoga, nao wanamfuata. Basi, hakuna zaidi. Hawks alikuwa karibu kuikata sehemu hiyo. Kabla ya kuitupa akamwonyesha mtunzi wake kule Marekani, Henry Mancini, amwambie kama ana wazo lolote.

Mancini akaangalia miguu. Akaona hatua za wale tembo zinahesabika: nane kwa kila kipimo cha muziki, yaani kila kundi la mapigo manne, sawasawa na besi ya bugi-wugi, ule mtindo wa piano wa Wamarekani weusi ambao mkono wa kushoto hautulii. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Wimbo akaujenga juu ya bluzi ya vipimo 12, ule muundo unaojirudia kila baada ya vipimo 12, akaufungua kwa kaliope, kile kinanda cha mabomba cha kwenye sarakasi, na melodi akaikabidhi klarineti ndogo yenye sauti nyembamba. Ukiusikiliza unapata mwili mzito na utoto kwa pamoja. Sehemu iliyokuwa itupwe ikabaki, na wimbo wake, Baby Elephant Walk, ukampatia Mancini tuzo ya Grammy.

Hesabu yenyewe si ngumu. Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kwa sekunde, kwa hiyo kila pigo linakula fremu 12. Mtunzi akijua mguu unatua kila baada ya fremu ngapi, kasi ya wimbo anaipata kwa kugawanya tu. Wakati wa kurekodi, wanamuziki husikia masikioni mlio wa tik-tik-tik wa kasi hiyo hiyo, ili asitangulie mtu wala asichelewe. Lakini hesabu huja baadaye. Kwanza ni jicho, na hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi kwa Mancini.

Juzi nyumbani, mtaa wa Sakina hapa Arusha, nilimwekea mpwa wangu wa miaka saba kipande hicho kwenye simu bila sauti. Tembo hawajafika majini, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kugonga meza. Nikarudisha sauti, akacheka, akaendelea kugonga. Mara ya tatu nikazima tena, nikafungulia taarabu ya taratibu redioni. Tembo ni wale wale, hatua ni zile zile, ila sasa walionekana wamechoka, kama wanatoka msibani. Vidole vikasimama.

“Mjomba,” akaniambia, “warudishie wimbo wao.”