Je, wajua kwa nini "masaa" huwakera watu?

Sema "nimekusubiri masaa mawili" mbele ya watu, hutakosa wa kukukatiza: "Saa, si masaa!" Amekuelewa vizuri kabisa. Kinachomkera ni nini basi?

Kisarufi ana hoja. Saa iko katika ngeli ya I-ZI, na wingi wake haubadiliki, kama nyumba au ndizi. Lakini mtazame na msemaji. "Saa mbili" ni muda wa dakika 120. "Saa mbili" hiyohiyo ni wakati wa asubuhi au usiku. "Nilikusubiri saa mbili" ina maana ipi? Ma- imekuja kutenganisha, tena bila kuitisha kikao. Ndiyo ma- ileile iliyomo katika marafiki, neno lililotoka Kiarabu kama saa, na hilo halimuudhi yeyote.

Kitabu ndicho kichekesho hasa. Kwa Kiarabu ki- si kiambishi, ni sehemu ya neno lenyewe, na wingi wake ni kutub. Waswahili wakaisikia kama ki- ya kiti na kisu, wakasema vitabu. Msahihishaji wa leo angekuwapo siku hiyo, angepiga kelele mpaka sauti ikauke.

Hata huo usanifu una tarehe. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Kimvita, lahaja ya Mombasa penyewe, aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji, ikawekwa kando. Ndiyo maana mtoto aliyekua akisema mato na ndia akifika darasani hutakiwa kuandika macho na njia. Nyumbani kwao hajakosea kitu.

Nionavyo, hasira yenyewe inatokana na jasho. Sanifu tumeipata kwa kalamu nyekundu na madaftari yaliyorudishwa. Ukimwona mwenzako anapita bila kulipa, roho inauma. Halafu matamshi humtaja mtu kabla hajajitaja: katokea wapi, kasoma kiasi gani. Wengi wanaocheka "kura" ikigeuka "kula" hawaucheki ulimi, wanalicheka kabila. Huko si kusahihisha tena.

Hata hivyo, yako makosa yanayodhuru. Mtu akiandika "nimepiga kula", msomaji atacheka lakini ataelewa. Maelezo ya dawa yakisema "meza kidonge saa sita" ni balaa, ingawa sarufi yake haina doa: ni adhuhuri, usiku wa manane, au kila baada ya saa sita? Na sentensi hiyo hakuna atakayeikatiza.